Kopo Namba Sita

Kitu cha kwanza cha kutarajia, mtoto wako mdogo anapoenda kupimwa chakula kinachomdhuru, ni kwamba hakuna mtu atakayekuamini. Sindano si kitu, na kilio kinapita. Kazi iko katika ile miezi ya kabla, unapozunguka na jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe, na kila mtu nyumbani anakutazama kana kwamba umelitunga ili umuudhi.

Neno mzio sikulijua wakati ule. Tulisema tu kwamba chakula fulani kimemkataa mtu. Mimi nilisema karanga zimemkataa binti yangu, na nililisema hilo katika familia ya Kiganda, ambako mchuzi wa karanga unamwagwa juu ya matoke kila siku ya Mungu. Ungeenda pwani kwa kina bibi zangu ukawaambia nazi ni sumu, wangekutazama kwa macho yaleyale.

Baba yangu alikuja Kampala na reli akitokea Mombasa, mama akamfuata, nami nikazaliwa katika nyumba za reli pale Nsambya. Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya mezani. Kisha nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, Mganda mpole kupita kiasi, tukapanga vyumba viwili Makindye, upande wa kilima usiotazamana na kambi ya jeshi. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi kwa miaka kadhaa. Sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa, sabuni tuliikata kwa uzi vipande vyembamba, na watu walikuwa wamejifunza kutouliza jirani wa jana yuko wapi leo.

Mama mkwe alikuja kunisaidia mimba ilipokuwa kubwa, akakaa moja kwa moja. Alikuja na gunia la karanga za shamba lake mwenyewe, ndogo, nyekundu, na kila lilipokaribia kuisha lilifika jingine kutoka kijijini. Alizikaanga kidogo, akazitwanga, akazichemsha na kitunguu polepole mpaka mafuta yakaelea juu. Nikiri ukweli: mchuzi ule ulikuwa mtamu. Watoto wake saba walianza kula kwa mchuzi huo kabla hawajaota meno ya kutosha, na wote walikuwa wazima. Kwake yeye karanga zilikuwa ushahidi kwamba alilea vizuri.

Mtoto wangu alikuwa na mwaka na miezi mitatu alipolambishwa mara ya kwanza. Sikuwa nimemaliza hata kuanika nepi zake, midomo ikawa imevimba na shingo imejaa madoa yaliyoinuka. Akatapika, akalala, akaamka mzima. Mama mkwe akasema ni meno. Mara ya pili ilikuwa miezi miwili baadaye, kwa jirani, na siku hiyo macho nayo yalijifunga. Zahanati walinipa dawa ya maji ya kutuliza mwasho, wala hawakuuliza alikula nini. Niliporudi nyumbani nikasema ni karanga. Mama mkwe akatua kikapu alichokuwa amebeba, akasema hapana, ni mayai.

Wanawake wa Kiganda wa umri wake hawakula mayai wala kuku. Ulikuwa mwiko waliokua nao, na aliyeuvunja akiwa mjamzito alitarajiwa kuzaa mtoto mwenye kasoro. Mimi nilikula mayai. Nilikula mimba yote, mengine mbele yake, nikiyamenya mezani polepole ili aone, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kichwa kigumu. Kwa hiyo kwake kesi ilikuwa wazi: mtoto alikuwa akiadhibiwa kwa ulafi wa mama yake, na mama mtu alikuwa akizisingizia karanga za watu. Mashangazi wa mume wangu walikuja Jumapili, wakasikiliza pande zote mbili, wakakubaliana naye. Hata mama yangu mzazi kule Nsambya aliniambia mkataa wengi ni mchawi. Nikamjibu basi waniite mchawi.

Mara ya tatu sitaisahau. Nilikuwa nimekwenda kupanga foleni ya mafuta ya taa. Mama mkwe akachukua kijiko kimoja cha karanga zilizotwangwa, akakikoroga kwenye uji wa mtoto. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumzoesha, kidogo kidogo, kama mtu anavyomzoesha mtoto maji baridi. Niliporudi nilimsikia mtoto kabla sijamwona, akivuta pumzi kwa sauti ya mlango wenye kutu. Nilikimbia naye mpaka zahanati bila viatu, akachomwa sindano, pumzi ikafunguka. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama palepale mlangoni nilipomwacha, kijiko bado kimo mkononi.

"Kilikuwa kimoja tu," akasema kwa Kiganda.

Nilimchukia. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kumwamkia kama desturi yao inavyotaka, na nikiwa nimepiga magoti hayohayo nikamwambia kwamba siku atakayompa mtoto wangu karanga tena, nitambeba mtoto nirudi kwetu na hatamwona mjukuu wake mpaka azikwe. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Nilijua mama mkwe hakuwa ameamini. Alisubiri tu hasira yangu ipoe. Na mimi nilijua hesabu yangu: mara ya kwanza midomo, ya pili macho, ya tatu pumzi. Sikuhitaji mwalimu wa kunionyesha ya nne.

Mume wangu, ambaye aliogopa kuchagua kati yetu, akasema mtoto apimwe. Ilikuwa fikra nzuri katika mji uliokosa madaktari. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, wasomi wengi walikuwa wamekimbia, na wataalamu wa mambo kama hayo walikuwa wanahesabika kwa vidole. Tulimpata mmoja, mzee, Mganda, aliyebaki kwenye hospitali ya misheni upande wa Lubaga. Alikuja kazini kwa baiskeli na aliandika maelezo ya wagonjwa katika daftari la shule.

Siku ya kwanza hakumgusa mtoto hata kidogo. Aliniuliza maswali zaidi ya saa nzima. Alikula nini, kiasi gani, baada ya muda gani, kilianza kuvimba nini, alikuwa amekula mayai siku hiyo, aliwahi kula mayai bila karanga, karanga bila mayai. Mara ya kwanza katika miezi sita mtu aliandika niliyoyasema. Nililia pale kwenye kiti, naye akaendelea kuandika mpaka nikamaliza.

Kisha akanieleza. Nchi za nje, alisema, dawa za kupimia huja zikiwa tayari katika vichupa, lakini vichupa hivyo vilikuwa vimeacha kuja. Kwa hiyo ningeleta vyakula vyenyewe kutoka nyumbani, kila kimoja katika chombo chake safi, kisichoguswa na kingine, na kila chombo na namba yake. Angeandika namba hizohizo kwa kalamu mgongoni mwa mtoto. Karanga ziwe za mwisho. Na kwa siku tano kabla ya kipimo nisimpe ile dawa ya mwasho, kwa sababu ingeifumba ngozi mdomo.

Zile siku tano ndizo zilikuwa ngumu. Mtoto alikuwa na ukurutu tangu zamani, na bila dawa alijikuna viwiko mpaka damu. Nilimfunga soksi za baba yake mikononi. Mama mkwe alimpaka samli, akanung'unika kwamba tunamtesa mtoto kwa ajili ya ushindani wangu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nikajiambia, nikavumilia.

Siku ya nne mama mkwe akatangaza kwamba atakuja nasi. Alitaka kuwepo karanga zake zitakaposafishwa jina.

Vyombo nilivipata kwa majirani: chupa moja ndogo na makopo matano ya zamani, ya majani ya chai na ya unga wa maziwa. Namba moja maziwa. Mbili yai. Tatu samaki wadogo wakavu, waliotwangwa. Nne unga wa wimbi. Tano simsim, yaani ufuta. Sita karanga, ambazo mama mkwe alizikaanga na kuzitwanga mwenyewe, bora alizokuwa nazo, akalijaza kopo mpaka juu. Mume wangu aliandika namba kwenye vipande vya karatasi kwa wino wake mwekundu wa kusahihishia, kwa ule mwandiko wa ubaoni, akazizungushia duara. Alizipenda namba zake. Sote wawili tulisoma shule, na hakuna aliyefikiri unga ndani ya makopo yenye namba nyekundu utaonekanaje barabarani katika nchi ile.

Mume wangu alikwenda kufundisha, nasi tukaondoka asubuhi kwa miguu, kwa kuwa petroli haikuwepo. Mtoto nilimfunga mgongoni kwa leso. Mama mkwe alivaa gomesi yake ya kanisani, ile ya mabega yaliyochongoka, akabeba kikapu mwenyewe. Njia nzima hatukusemeshana.

Karibu na Ndeeba walikuwa wameweka kizuizi: mapipa mawili na mti uliolazwa juu yake. Askari wawili walikuwa mbali kidogo, wakipekua lori la mkaa. Wa tatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, sijui kilitoka ofisi ya nani, na alikuwa akijisukuma kwa miguu kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Akajisukuma hadi kwetu, akafunua kitambaa cha kikapu.

Aliuliza ni kitu gani, na namba ni za nini. Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili cha baba yangu, kirefu, chenye adabu zote, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo uso wake ulivyozidi kubadilika.

"Wewe Mukenya," akasema.

Miaka ile Mkenya alikuwa jasusi mpaka athibitishe vingine. Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa. Akaichukua chupa namba moja, akayanywa maziwa yote, akajifuta mdomo. Akafungua kopo la samaki akalinusa, la wimbi akalitikisa. Yai akalirudisha. Alipofungua namba sita harufu ya karanga ikatujia sote, akauliza kwa nini hili limefichwa chini kabisa. Akaniamuru nile. Nikachota kwa kidole, nikala. Akamwamuru mama mkwe, naye akala. Halafu akanyoosha kidole mgongoni kwangu.

"Na mutoto akule."

Nikasema mtoto hali hizo. Nikasema karanga zinaweza kumuua, ndiyo maana tunampeleka hospitali.

"Kama naua mutoto, hii ni sumu," akasema. "Kama hapana sumu, akule."

Nimewaza juu ya sentensi ile maisha yangu yote, na bado sijaona ungeijibu vipi. Nikisema zinaua, nimebeba sumu. Nikisema haziui, mtoto ale. Alikuwa amenifunga kwa maneno yangu mwenyewe, na alijua, kwa sababu aliichukua bunduki kutoka ubavuni mwa kiti akailaza mapajani, bila haraka. Sioni haya kusema kwamba mkojo kidogo ulinitoka. Lakini nililishika fundo la leso kifuani, nikalifungua, nikamkaza mtoto zaidi mgongoni, nikalifunga upya.

"Hali," nikamwambia. "Mimi nipige. Mtoto hali."

Kisha nikamtazama mama mkwe. Elewa alivyokuwa anaona yeye. Kwake zile hazikuwa ila karanga, chakula chake, alizozipanda na kuzivuna kwa mkono wake. Ncha moja ya kidole katika ulimi wa mtoto na tungekwenda zetu. Tena kesi yetu ya miezi sita ingeamuliwa palepale, na yeye angeshinda. Nilisubiri aseme, mpe kidogo, mwanangu, tuokoke. Nilikuwa tayari kumchukia hadi kaburini kwa kulisema.

Mama mkwe hakuwahi kutamka neno la Kiswahili mbele yangu. Alikiita lugha ya askari wanaogonga milango usiku. Nilipomwimbia mtoto kwa Kiswahili alitoka nje ya nyumba. Sasa alinyoosha mkono, akalichukua kopo kutoka kwa yule askari kama anavyomnyang'anya sufuria mtu asiyejua kupika.

"Mutoto hapana kula," akasema. "Mimi nakula."

Akaketi chini. Aliketi barabarani, katika gomesi ya kanisani, miguu ameikunjia upande mmoja kama wanawake wa Kiganda wanavyoketi kula, akaanza. Alichota kwa vidole vitatu, akatafuna, akameza, bila maji. Kopo lilikuwa limejaa. Alikohoa mara moja, akasubiri, akaendelea. Wale wawili wa lori walikuja kutazama. Alipofika chini alikwangua kuta kwa kidole gumba, akakiramba, akalifudikiza kopo na kulipiga kitako kwa kiganja ili askari aone halina kitu. Akalifunika, akalirudisha kikapuni mahali pake, akasimama, akakung'uta vumbi.

Yule askari aliwageukia wenzake, akawaambia mzee huyu ana njaa. Wakacheka. Akajisukuma na kiti chake hadi pembeni, tukapita.

Baada ya kona mtoto alianza kulia, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemkaza mno. Mama mkwe akaniambia nisimame. Akaramba kidole gumba, akamfuta machozi na vumbi, shavu hili, kisha lile, kutoka jichoni mpaka kidevuni. Alifanya hivyo kila siku. Na mimi, niliyekuwa nikivilinda vijiko na sufuria kwa miezi sita, nilisimama nikamwacha amfute. Nilikuwa ninafikiria alivyoketi barabarani. Nilitaka kumshukuru na sikujua kwa lugha gani.

Tulipofika nilimshusha mtoto, daktari akamgeuzia dirishani.

Mashavuni kulikuwa na mistari miwili iliyoinuka, myeupe katikati, myekundu pembeni, kila mmoja upana wa kidole gumba. Daktari aliuliza ni nani amemfuta uso mtoto huyu. Mama mkwe akainua mkono kama mwanafunzi. Daktari akaomba kukiona kidole, akakinusa, akauliza umekula nini, maama. Akamweleza, kopo zima.

Alimwosha mtoto uso kwa maji na sabuni, akamfungua nguo, akamsikiliza kifua, akajaza bomba la sindano na kuliweka juu ya kitambaa safi karibu na mkono wake. Akavuta kiti, akakaa kumwangalia. Alikaa saa nzima, akihesabu pumzi zake. Mistari haikuenda mbali zaidi ya pale kidole kilipopita. Mtoto alipoanza kucheza na kamba za viatu vya daktari, daktari alisema sasa tunaweza kupima vilivyobaki, kwa sababu mayai nayo yana haki ya kujibiwa.

Kipimo chenyewe, baada ya yote hayo, kilikuwa kitu kidogo. Nilimkalisha mapajani kifua kwa kifua, nikamshika mikono yote miwili. Daktari aliusafisha mgongo kwa spiriti, akaandika namba, akaweka tone la kila chakula, mengine ameyalainisha kwa maji ya chumvi. Akaongeza matone mawili yake: maji matupu ya chumvi, ambayo hayakupaswa kufanya chochote, na dawa moja ambayo lazima ivimbe kwa kila mtu, ili ajue kwamba ngozi inasema kweli siku hiyo. Kisha akagusa kila tone kwa ncha ya sindano, mguso wa siafu mmoja. Damu haikutoka. Mtoto alipiga kelele moja ya hasira, kama mtu aliyetukanwa, akanyamaza. Maziwa aliyaacha, kwa kuwa yaliishia kwa askari, na isitoshe mtoto aliyanywa kila yalipopatikana bila shida.

Tulisubiri robo saa, na hiyo ndiyo kazi: kumzuia asijisugue kwenye mkono wa kiti. Nilimwimbia. Niliimba kwa Kiswahili, na mama mkwe hakutoka nje.

Ile dawa ya daktari ilivimba. Maji ya chumvi hayakufanya kitu. Samaki hakuna, wimbi hakuna. Simsim ilitoa kipele kidogo, daktari akakipima kwa rula, akauliza kama huwa anakula simsim. Nikasema anakula na haimdhuru. Basi aendelee kula, akasema, ngozi ni shahidi, si hakimu. Yai, namba mbili, ngozi ilikuwa laini kama alivyozaliwa.

Karanga hakutaka kuziweka hata chembe. Alisema mashavu yamejibu, na maelezo ya mama mtoto yalikuwa yamejibu tangu siku ya kwanza. Akaagiza asile karanga kabisa, wala kijiko kilichopita humo, wala mkono. Tusimjaribu nyumbani. Kuna watoto wanaokua tatizo hili likawaacha, na kuna ambao haliwaachi.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari kwa miezi sita. Niliwaambieni. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa Kiganda nikifua nguo. Nikamgeukia mama mkwe, na yeye alikuwa ameketi kwenye benchi amekifunika kile kidole gumba ndani ya ngumi ya mkono wa pili, akiyatazama mashavu ya mjukuu wake. Sikuisema. Nilikwenda kumwambia mume wangu, mara tatu.

Wiki ile mama mkwe alimpa jirani gunia lote. Kinu alikisugua kwa majivu, akakisugua tena, mwishowe akasema mti wake umekwisha kunywa mafuta, akakitoa nacho. Kisha akaacha kula karanga. Mume wangu alimwambia hakuna haja hiyo, anawe tu mikono. Akamjibu kwamba sabuni hakuna, na uso wa mjukuu wake hawezi kuuacha na machozi. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, aliyekula karanga tangu hana meno, alianza kula matoke yake na maharage. Mayai hakugusa hata hivyo. Nilipomkaangia mtoto yai mbele yake, alitazama mpaka tonge la mwisho, akangoja, akaona hakuna kitu, akaniambia mimi nina mayai yangu na yeye ana mwiko wake. Nikakubali.

Mwaka uliofuata tulikwenda kijijini kumaliza matanga ya ndugu yao. Mkubwa wa ukoo, mzee anayeogopwa na wote, alimwita binti yangu mbele, akafinyanga tonge la matoke, akalichovya katika mchuzi wa karanga, akamnyooshea. Tonge kutoka mkono ule halikataliwi. Wanawake wote tulikuwa tumepiga magoti. Nikafungua mdomo, tayari kwa vita, lakini mama mkwe alikuwa amefika. Akiwa amepiga magoti vilevile, aliuziba mdomo wa mtoto kwa kiganja chake, ambacho hakikuwa kimegusa karanga mwaka mzima.

"Mutoto hapana kula," akamwambia mzee wa Kiganda, kwa Kiswahili.

Nilimuuliza njiani tukirudi kwa nini hakulisema kwa lugha yao. Alisema hilo alikwisha kulijaribu mbele ya bunduki, likafaa.